Kula, Kushiba na Kusaza

Lipo neno moja tunalolisikia mara nyingi katika nyumba za Wakristo, tangu Mwaya hata Ipinda na Matema, nalo ni hili: "Maliza chakula chako, kukibakiza ni dhambi." Baba humwambia mtoto hivyo. Mama hujiambia hivyo aonapo wali uliobaki katika sufuria. Hata mgeni hujiambia hivyo moyoni, ingawa tumbo lake limekwisha kujaa. Ni neno la watu wema. Halikutoka kwa walafi, bali kwa watu walioijua taabu ya jembe na hofu ya njaa. Walakini neno la watu wema nalo yapasa lipimwe, maana desturi njema ikifuatwa pasipo akili yaweza kuzaa tendo baya. Basi mwezi huu twataka kuuliza: Je, mtu aliyekwisha kushiba yampasa kuendelea kula ili chakula kisipotee? Na akifanya hivyo, ameokoa kitu gani?

Kwanza tusiwadharau waliotufundisha neno hilo. Kila aliyelima mpunga katika mabonde ya Kyela ajua ya kuwa punje haifiki sahanini bure. Shamba hulimwa, hupandwa, hupaliliwa katika maji na matope. Ndege hufukuzwa tangu alfajiri hata jioni. Ndipo huja kuvuna, kupura, kuanika na kukoboa. Tena mara nyingine mto Songwe, au Kiwira, au Mbaka, au Lufilyo hufurika, na kazi ya miezi mingi huchukuliwa na maji kwa usiku mmoja. Wazee wakumbuka pia miaka ya 1974 na 1975, mvua zilipokuwa zimekosekana katika sehemu nyingi za Tanzania, hata Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi katika nchi za ng'ambo, na watu wakala unga wa mahindi ya manjano ulioitwa yanga. Mtu aliyeyaona hayo akimwona mtoto akimwaga wali, moyo wake huuma, na ana haki.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika vita kuu ya kwanza, Serikali yake iliunda idara ya chakula chini ya Herbert Hoover. Watu wazima na watoto wa shule waliombwa wasipoteze chakula, ili ngano na nyama zipatikane kwa askari na kwa wenye njaa kule Ulaya. Tuangalie vema shabaha ya agizo hilo. Watu hawakuambiwa wale sana, bali watwae kidogo, wamalize kile kidogo walichotwaa, ili kilicho zaidi kiende kwa mwingine. Vita vikaisha, na chakula kikawa kingi. Lakini katika nyumba nyingi neno la kumaliza sahani likabaki, na neno la kutwaa kidogo likasahauliwa. Leo katika nchi hiyo watu wazima kama 4 katika kila 10 wana unene uliopita kiasi cha afya. Sababu zake ni nyingi, wala hatusemi kwamba ni hii moja tu. Lakini twaona jinsi sheria iliyokusudiwa kumpa jirani chakula iwezavyo kugeuka ikawa sheria ya kujijaza tumbo.

Sasa na tuliangalie jambo lenyewe. Mama amepika wali wa watu wanane, nao waliokuja ni watano. Wote wamekula wameshiba, na sahani moja imebaki. Mama asema, "Haifai kutupa," akaketi akaila, ingawa hana njaa hata kidogo. Twauliza: wali huo umemfaa nani? Haukumfaa mwenye njaa, kwa maana hakuupata. Haukuifaa nyumba, kwa maana kesho watapika tena kiasi kilekile. Haukumfaa mama mwenyewe, kwa maana mwili wake ulikwisha kupata haja yake. Bwana wetu alifundisha, kama tusomavyo katika Marko sura ya 7, ya kuwa chakula huingia tumboni kisha hutoka chooni. Basi wali uliopita haja haukuokolewa kwa kupitishwa tumboni. Umepotea vilevile, tofauti ni kwamba umepita njia ndefu zaidi, na njiani umemwumiza mtu.

Mwingine atajibu, "Basi mwataka tutupe chakula?" Hasha. Twasema ya kuwa kosa halikufanyika mwisho wa kula, bali mwanzo wa kupika na wakati wa kupakua. Kikombe kimoja cha mchele mkavu hupata kuwa kama vikombe vitatu vya wali. Mkono utiao mchele sufuriani pasipo kupima, ukizidisha kikombe kimoja, umekwisha kuleta vikombe vitatu visivyo na mlaji. Kumlazimisha mtu aliyeshiba avimalize si dawa ya kosa hilo. Ni kuongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na tena kulificha lile la kwanza, maana sufuria ikirudi tupu kila siku, mpishi hatajua kamwe kwamba amezidisha.

Tena kuna hasara ya mwili, nayo si ndogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na ugonjwa wa kisukari. Zamani wengi walidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mijini. Leo waujua hata watu wa vijijini. Si kila mgonjwa wa kisukari amekula kupita kiasi, wala hatuna ruhusa ya kumhukumu mgonjwa yeyote. Hata hivyo waganga hutufundisha kwamba unene uliozidi ni mlango mmoja mkubwa wa ugonjwa huo, na wa shinikizo la damu pia. Familia ikisha kuwa na mgonjwa wa namna hiyo, huuza mpunga ili inunue dawa, na mikono miwili hupungua shambani. Basi yule aliyekula sahani ya ziada kila siku ili asipoteze wali, mwisho huenda akapoteza magunia.

Hapa na tuikumbuke Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Katika maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana, aulizapo maana ya mkate wa kila siku, hataji chakula na kinywaji tu. Huhesabu pia mavazi, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, majira mema, amani, afya, na majirani waaminifu. Walimu wa Kipaimara hulifundisha fungu hilo mwaka baada ya mwaka. Lakini je, tumeona kwamba afya nayo ni mkate wa kila siku? Mtu avunjaye afya yake ili aokoe wali amekitupa kipande kimoja cha mkate wake ili kingine kisitupwe. Na majirani nao wamo katika mkate huohuo. Wali uliobaki, ukipelekwa mapema kwa jirani mjane, umeunganisha vipande viwili. Ukiliwa na aliyeshiba, haukuunganisha kitu.

Wako wanaoshika habari ya Yohana sura ya 6 kana kwamba yawaamuru kumaliza. Na tuisome tena. Bwana aliwalisha watu elfu tano, nao wakashiba. Ndipo alipowaagiza wanafunzi wavikusanye vipande vilivyosalia, ili kisipotee kitu. Navyo vikajaza vikapu kumi na viwili. Hakuwaamuru watu walioshiba waendelee kula hata majani yawe hayana kipande. Alitaka visipotee, na njia yake ilikuwa kapu. Tena katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, twasoma jinsi Ruthu alivyopewa bisi shambani mwa Boazi. Akala, akashiba, na kingine kikabaki. Hakujilazimisha kukila. Alikitunza, na jioni akamletea Naomi mkwewe, aliyekuwa nyumbani. Kama Ruthu angalifuata neno letu la "maliza chakula chako," Naomi angalikosa fungu hilo.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ina hekima katika jambo hili. Watu wakitaka kusifu karamu husema, "Tulikula, tukashiba, tukasaza." Kusaza hakutajwi kama aibu, bali kama alama ya baraka. Tena lugha yatofautisha namna mbili za mabaki. Kiporo ni chakula kilicholala, kilichosalia chunguni na kutunzwa, nacho huliwa asubuhi kwa furaha. Makombo ni yale yaliyoguswa na mlaji, yaliyobaki sahanini mwake, ambayo hakuna atakaye kuyala. Basi chakula kilekile, kikibaki chunguni, chaitwa kiporo na kina heshima; kikibaki sahanini chaitwa makombo, nacho kimepoteza heshima yake. Mtu mwenye akili ataona mara moja yampasa kufanya nini: asaze chunguni, asisaze sahanini.

Desturi za wazee wetu wa Unyakyusa zaongoza njia hiyohiyo. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa kwetu katika miaka ya 1934 hadi 1938 wakijifunza maisha ya watu, na mwaka 1951 kilitolewa kitabu cha Bibi Wilson juu ya vijiji vya marika. Aliandika jinsi vijana wa rika moja walivyojenga pamoja, na jinsi wavulana walivyokwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, wakila pamoja. Kula peke yake kulikuwa jambo la kuchukiza. Hata wachawi, kwa fikira za watu wa siku zile, walidhaniwa kusukumwa na uroho wa nyama na maziwa. Hatutaki kuzirudisha hofu za uchawi. Lakini tuangalie jambo moja: katika chombo cha pamoja kila mtu hutwaa kimtoshacho, na kisichotwaliwa ni cha mwenzake. Siku hizi kila mmoja ana sahani yake, na ndani yake fungu lililopakuliwa na mkono wa mwingine. Fungu hilo likimzidi, hana wa kumpa, maana limekwisha kuwa makombo. Labda ndiyo sababu sheria ya kumaliza imekuwa nzito kwetu kuliko ilivyokuwa kwa babu zetu: tumeipokea sahani, lakini hatukuipokea desturi ya kupakua kidogo, ambayo sahani yaihitaji.

Yatupasa pia kujichunguza kwa unyofu. Mara nyingine twasema, "Naogopa kupoteza," kumbe ulimi ndio unaotaka. Kipimo chake ni rahisi. Yakibaki majani ya maboga yaliyopoa, je, twaona uchungu uleule tuuonao kwa kipande cha mbasa chenye mchuzi? Kama moyo wauma kwa samaki tu wala hauumi kwa majani, basi si chakula tunachokihurumia. Tena, kama twachukia kweli upotevu, na tutazame mahali unapotokea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba theluthi moja hivi ya chakula kinachozalishwa duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa. Na katika nchi kama zetu sehemu kubwa hupotea kabla ya kufika mezani, katika kuvuna, kuanika, kuweka na kusafirisha. Mpunga uliovunwa ukaachwa ukanyeshewa, usipa walioharibika ufukweni kwa kukosa jua, ndizi zilizopondeka njiani: huko ndiko kuna hasara ya kweli. Mtu anayejitesa kwa vijiko vitatu vya wali, huku mpunga wake ukiota ukungu ghalani, amekamata mwizi wa sindano akamwacha mwizi wa ng'ombe.

Sasa tufanye nini? Kuvunja desturi ya miaka mingi si kazi ya siku moja. Yule aliyezoea kumaliza atasikia uchungu aachapo kijiko cha mwisho, kana kwamba amekosa. Na avumilie, uchungu huo si sauti ya dhamiri siku zote, mara nyingine ni sauti ya mazoea tu. Tena ni vema ajue ya kuwa tumbo hukawia kutoa habari ya kushiba. Basi apakue kidogo, ale polepole, angoje, ndipo aongeze ikiwa bado ana njaa. Kuongeza si aibu. Kilicho chunguni hakikimbii.

Akina mama na wote wapikao, na wapime mchele kwa kikombe kabla ya kuutia sufuriani. Kilichozidi kigawanywe mara moja kwa jirani au kwa mtoto atakayechelewa kurudi, kingali safi, kabla hakijaguswa. Lakini tuonye jambo moja: wali uliopikwa usiachwe katika joto la pwani yetu ya ziwa mchana kutwa na usiku kucha, ukidhaniwa kuwa kiporo. Viko vijidudu viotavyo katika wali wa namna hiyo, na sumu yake haiondoki hata ukipashwa moto. Wali wa kiporo yapasa upozwe upesi, uwekwe mahali pa baridi, na uliwe mapema. Na makombo yasiyoweza kuliwa na mtu yapewe kuku au nguruwe, au yafukiwe shinani pa mgomba. Kwetu Mwaya kilichorudi katika udongo wa mgomba hakikupotea kabisa. Kitarudi kwa njia ya mkungu.

Kwa habari ya watoto: mtoto asemapo, "Nimeshiba," tusimwambie kwamba asema uongo. Mungu ameweka katika mwili wake mjumbe wa kumwarifu kiasi chake. Tukimlazimisha kila siku ampuuze mjumbe huyo, atakapokuwa mtu mzima hatamsikia tena. Afadhali tumfundishe kuomba kidogo, na kilichobaki chunguni akipeleke yeye mwenyewe kwa bibi yake. Hivyo atajifunza mambo mawili kwa mara moja, yaani kiasi na upendo.

Mwisho, neno kwa wainjilisti na wazee wa kanisa. Mzigo wao twaujua. Mwinjilisti azungukaye nyumba nne kwa siku moja huwekewa wali mara nne, na kila mwenyeji apima upendo kwa urefu wa mlima uliomo sahanini. Akikataa, amemhuzunisha mwenye nyumba. Akikubali yote, amejidhuru. Twashauri aseme mapema, kabla ya kupakuliwa, "Mama, asante, nipakulie kidogo, ili watoto nao wapate." Hilo si neno la dharau, wala hakuna mama wa Kinyakyusa atakayelikasirikia akilisikia kwa sauti ya upole. Nasi tulio wenyeji tuiache desturi ya kumjazia mgeni mara ya pili pasipo kumwuliza, kisha kumwambia, "Hukula kitu." Tena katika misiba na arusi zetu, ambapo sufuria ni kubwa na watu ni wengi, pawekwe mtu mmoja mwenye kazi ya kuangalia kilichobaki chunguni na kukituma mapema kwa wagonjwa na wazee wasioweza kufika. Sharika huchagua mtu wa kuhesabu sadaka. Si vigumu kuchagua mtu wa kukumbuka vikapu.

Ndugu wasomaji, hatukusema haya ili mtu yeyote akidharau chakula. Kukiheshimu chakula ni kumheshimu Mungu aliyekitoa na mkulima aliyekitokea jasho. Lakini heshima hiyo yaanza shambani, yapita ghalani na jikoni, na ikifika mezani humwambia mtu atwae kimtoshacho, ashukuru, na kilichosalia kimfikie mwenye haja. Katika mwezi huu wa mavuno, kila nyumba na ijaribu jambo moja tu: ipime mchele kabla ya kuupika, na kile kikombe ambacho ingalikizidisha ikitie katika kapu la sadaka ya mavuno, kingali mchele mkavu.